Koti la Kibuye

Tulilinunua Kibuye, Jumamosi ya mvua,
shilingi mia tatu na hamsini, baada ya Apondi
kulishtaki mbele ya muuzaji:
kwapa limechanika, Mheshimiwa,
kola imechujuka, na kifungo cha pili hakipo.
Tukashona cha kahawia penye weusi.
Wasichana wanne wa sheria, mwaka wa tatu,
chumba kimoja Kondele, koti moja.

Zamu tulizibandika nyuma ya mlango.
Jumatatu Kwamboka, usaili wa kazi isiyo na mshahara.
Jumanne Chelagat, Mahakama ya Winam,
mikono ikimwishia karibu na kiwiko,
akisikiliza ndugu wawili wakigombea mti wa mpakani.
Alhamisi likasafiri na Apondi hadi Kakamega
kwenye shindano la mahakama ya mazoezi,
likashindwa kwa pointi mbili,
likarudi linanuka moshi wa mahindi.

Mfukoni likaanza kujiwekea akiba:
kadi ya wakili wa Busia, kijiti cha meno,
risiti ya fotokopi, kurasa arobaini,
na juu ya tishu, kwa mwandiko usio wetu:
Mwulize Lusweti wa masjala, anajua faili zinapolala.
Mimi sikumjua mtu mjini.
Koti lilikuwa linasalimiwa.

Ijumaa, zamu yangu. Karamu ya mawakili, Milimani.
Wanafunzi mnakaribishwa, barua ilisema,
mje mjuane na waliotangulia.
Nilishika glasi ya juisi kama kielelezo
ambacho sijaambiwa nikiwasilishe kwa nani.
Bwana mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa,
Wewe ni wa nani?
Nikasema Mideva, wa Vihiga,
mama anauza ndizi pale Majengo.
Akatabasamu kwa mtu aliyekuwa nyuma ya bega langu,
mtoto wa jaji.

Ndipo Bi. Achola akanijia
macho yake yakiwa kifuani pangu, si usoni.
"Kifungo hicho tumekutana.
Winam, Jumanne. Ila siku hiyo kilikuwa juu zaidi."
Nikasikia ule mshono wa kwapa ukifunguka.
"Mko wangapi humo ndani?"
Wanne.
Alicheka mpaka akatua sahani.
Kisha akatoa kadi, akaandika namba nyuma yake.
"Nina meza moja tupu ofisini. Moja. Miezi mitatu.
Mmoja wenu anipigie kabla ya Jumatatu saa tatu."

Usiku kesi ikasikilizwa kando ya jiko.
Kadi mezani, kati ya chumvi na mshumaa.
Apondi: bila ulimi wangu koti hili lingekuwa mia saba.
Chelagat: aliyeonekana kwanza ni mimi.
Kwamboka, kwa kuwa ndiye aliyeshika mwiko,
akajipa ujaji, akauliza huku akisonga
kama tulilinunua kwa hisa au kwa umoja,
maana mwenye hisa hurithiwa,
na wa umoja, akifa, fungu lake humezwa na waliobaki.
Tukacheka.
Halafu kila mmoja akaitazama kadi.
Uamuzi ukaahirishwa hadi asubuhi,
wahusika wakishalala.

Jambo moja sikuliambia baraza.
Kwamba kwenye kituo cha mafuta, hatua chache kutoka nyumbani,
nilisimama chini ya taa, nikamwomba mlinzi kalamu,
nikainakili ile namba kiganjani, mkono wa kushoto.
Si kwa nia mbaya. Hata sijui ilikuwa nia gani,
na mwalimu wetu wa jinai husema
hapo ndipo kesi huanzia.

Chelagat akaleta jagi na beseni,
akatumiminia maji mmoja mmoja.
Nikatoa mkono wa kulia.

"Na huo mwingine?"

Nikasema huo ni msafi.