Kromosomu ya Sita

Mkasi ni wa kushonea, nimeuchukua kwa mama bila kuomba.
Nakata picha. Kila kijiti cheusi nakizunguka taratibu
kama anayemkata mtoto kucha,
kisha nakitafutia mwenzake:
kirefu kwa kirefu, kibiongo kwa kibiongo.
Binadamu, jozi ishirini na tatu.
Paka, kumi na tisa.
Gundi imenikaukia vidoleni.
Nje, Brno imelala chini ya theluji chafu
na tramu ya mwisho inalalamika kwenye kona.

Paka mwenyewe anaitwa Mourek, wa Bi Hedvika wa kantini.
Alitoa mililita tano za damu,
akamkwaruza Daktari Vrbenský mpaka kwenye kiwiko,
akalipwa kichwa cha samaki.

Gizani, kwenye hadubini, tunazisaka jeni za kinga,
zile zinazoipa kila seli kitambulisho
ili walinzi wakiuliza, "Wewe ni wa hapa?"
iwe na cha kuonyesha.
Kwetu zimekaa mkono mfupi wa kromosomu ya sita.
Kwa paka tulizitafuta kwenye B ya pili.
Usiku wa tatu zikawaka, nukta mbili mbili za kijani,
kama macho ya...
la, sitasema hivyo.
Kama nukta mbili za kijani.

Na kundi lilikuwa limekatika.
Wengi wamebaki karibu na kiuno,
kipande kimoja kiko ncha kabisa, upande wa pili,
kama mpangaji aliyehama usiku
akaacha viatu mlangoni.
Daktari alipiga picha kumi na moja. Hakusema neno.

Bohdan yuko wodi ya figo, kitanda cha nne.
Jumanne walilinganisha damu zetu.
Kila mzazi ana kromosomu mbili za sita, hutoa moja.
Mimi nilichukua hii, na hii.
Yeye akachukua zilizobaki.
Tumelala chumba kimoja miaka kumi na tano,
tumepigana kwa ajili ya blanketi,
tumeugua surua wiki moja,
na pale, kwenye mkono mfupi, hatujuani.
Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe:
aliyesema hivyo hakuwahi kushika mkasi huu.

Nilimpelekea picha moja iliyoharibika.
Akaishika kwa mkono usio na sindano.
"Paka hawezi kunipa yake?"
"Hawezi."
"Hata huyu mwenye hasira?"
Tukacheka, muuguzi akatutazama.

Kisha akaweka kidole kwenye ile ncha.
"Hiki kilichohama. Bado kinafanya kazi?"
Nikamwambia sijui, hatujafika huko.
"Lakini paka yu mzima?"
Yu mzima. Jana kaiba soseji.
"Basi," akasema,
akaiweka picha chini ya mto,
na mashine ikaendelea kuizungusha damu yake,
ikiitoa, ikiirudisha.