Mifarishi ya Justina

Mitatu, wala hakuna uliokwisha.
Wa kwanza wa mjukuu: kazaliwa Machi,
sasa anakimbia, pindo bado.
Wa pili ni viraka vya mashati ya Kornelius;
lile la mistari nimelificha kabatini,
mkasi haulipati.

Wa tatu wa Alhamisi, wa sote.
Theluji imeziba dirisha la chini,
Helena kaja na trekta la mwanawe,
keki kapakata, umbeya mdomoni.
Mishono yake mirefu kama reli ya Winnipeg.
Akiondoka, naifumua.

Juzi nimeikuta yangu,
ile ya mwezi wa msiba, iliyokwenda upogo,
imefumuliwa kimya kimya,
imeshonwa upya: mirefu, mirefu.

Hiyo sijaigusa.