Pia

Maji ya tangi husahau kwa dakika kumi na moja.
Bi Wensierska aliyaandika hayo ukutani kwa chaki,
juu ya swichi, mwaka ambao mimi sijazaliwa,
na hakuna aliyethubutu kufuta.

Nje ni Gdańsk, Februari, mfereji umeganda.
Ndani twaburuta nguzo, nene kama mkono wangu,
mita arubaini, ukuta hadi ukuta,
na nyuma yake maji yanazaa pia:
moja kulia, moja kushoto,
hii yafuata saa, ile yaipinga saa,
na kila pia ina pia tumboni,
na hiyo nayo, pia.

Tumemwaga shanga za kioo, laini kuliko unga.
Leza inayakata maji kipande chembamba, kijani,
kamera inakonyeza mara mbili,
na baina ya konyezo na konyezo kila shanga imehama.
Nikadhani basi, kasi tunayo, twende nyumbani.

“Shanga moja haikwambii kitu,” akasema,
“hata ikikimbia vipi. Muulize jirani.
Wa juu ana haraka, wa chini anaburura miguu:
toa huyu kwa yule, gawa kwa nafasi iliyowatenga.
Hapo ndipo maji yanapogeuka.”

Enzi zake walipima upepo, kwa nyaya nne za tungsteni,
unywele ni kamba mbele yake.
Alizilehemu mwenyewe chini ya hadubini, pumzi kaibana.
Chafya moja, wiki nzima imekwenda.
Siku hizi vidole vyake vinatetemeka.
“Kelele,” huniambia, akivitazama kama vya mtu mwingine,
“na ukitoa namba yenye kelele kwa namba yenye kelele,
usitarajie kimya.”

Jana nilikuwa na treni ya Wejherowo.
Uso wa maji ulikuwa umelala, meza tupu.
Dakika ya sita nikabonyeza.

Kwenye skrini, mbele ya nguzo,
pale ambapo maji hayajaguswa na mtu,
doa jekundu, linazunguka taratibu,
pia ya safari iliyopita,
haina habari kwamba aliyeizungusha keshapita.

Hakunigombeza. Alivuta kiti,
akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanisogezea.
Treni ikalia kule darajani, ikaenda zake.
Hakuna aliyesema neno, wala kugusa kitu.

“Tisa,” akasema,
bila kutazama saa.