Kupe

Sikudhani ndiye aliyelibatiza Kupe:
milango miwili, paa nimelishusha inchi tatu,
na kila mwisho wa mwezi linaninyonya.

Bodi niliitoa Gerezani kwa bei ya chuma chakavu,
kuku walishataga kwenye buti.
Injini ya Krauni.
Umeme wa Tabata ukikatika katikati ya mshono
nanyanyua miwani, nangoja,
jasho likidondokea puti mbichi.

Jana nilipiga tena msasa madigadi ya kushoto.
"Ilikuwa sawa hiyo."
Ilikuwa karibu na sawa.

Usiku, watoto wamelala,
namkuta amekaa ndani, ameshika usukani
usiounganishwa na kitu,
kandambili amezivua chini, mlangoni.
"Usiwashe taa," ananiambia.
"Zunguka. Panda."