Debe Dogo la Kijani

Barua ya halmashauri ilifika Juni, pamoja na baridi,
kurasa nne za picha, kana kwamba Oamaru nzima ni chekechea:
pipa la kifuniko chekundu, taka zisizofaa tena,
sasa kila baada ya wiki mbili;
la manjano, makopo na plastiki, vioshwe kwanza;
chupa peke yake, sanduku la buluu;
na debe dogo la kijani, lenye mpini wa kufungia,
la makombo ya jikoni,
kila Jumatano, kabla ya saa moja asubuhi.

Nilisema maneno ambayo Ailsa angenikataza.
Miaka arobaini na mitatu katika mtaa huu
nimetia kila kitu kwenye mfuko mmoja mweusi,
nikapiga fundo, nikamaliza.
Leo naambiwa nioshe kopo la maharagwe
kama namwogesha mjukuu.

Jumatano ya kwanza lori likachukua debe la kulia,
likachukua la kushoto,
likaruka langu.
Likaniachia karatasi ya rangi ya chungwa kifunikoni,
mtaa mzima usome.
Shakwe wawili juu ya ua
waliisoma kwa sauti.

Tavita wa nyumba ya pili, ana miaka tisa,
akavuka barabara, kandambili juu ya sakitu.
Shuleni wamefundishwa. Akafungua, akachungulia,
akakunja uso kama daktari asiyetaka kukutisha.
“Ganda la ndizi sawa, Bwana Strachan,
ila kibandiko chake kitoe.
Mfupa sawa. Kifuko cha chai kipasue,
majani huku, kifuko kule.
Ukishindwa, jiulize tu: mnyoo angekila?”
Halafu akanyamaza, kidole kikiwa hewani.
“Hivi viazi vimechemshwa. Vizima.
Kwa nini unavitupa?”

Nikamwambia atachelewa shule.

Mfuko mweusi ulikuwa msiri wangu.
Hauna kifuniko cha kuinua mara tatu kwa siku,
haukuonyeshi cha jana kimelala juu ya cha juzi.
Nilimenya, nikapika, nikala, nikafunga fundo,
na sikujua.
Watu husema debe tupu haliachi kutika.
Langu lilikuwa limejaa, na ndilo lililosema:
viazi viwili, Jumatatu.
Viazi viwili na kipande cha samaki, Jumanne.
Nusu ya boga. Uji mzito, wa shayiri,
wenye umbo la bakuli lake.
Tangu Februari ya mwaka juzi
napika chakula cha watu wawili.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, debe miguuni.
Sikulia. Mtu halii mbele ya maganda.
Niliisoma tena barua ya halmashauri,
ukurasa wa tatu, wenye jedwali la mambo yote:
nepi, betri, kioo kilichovunjika,
nywele za mbwa.
Hapakuwa na mstari wa jambo langu.

Wiki ya pili nikamenya vitatu. Mkono una mazoea yake,
huwezi kuuamrisha kwa barua.
Wiki ya tano, viwili.
Sufuria ile kubwa nimeiweka juu ya kabati,
sijaitupa; sijui ni ya kifuniko kipi.

Wanasema makombo yetu yanapelekwa nje ya mji,
yanafunikwa, yanachemka yenyewe bila moto,
na masika watatugawia mbolea, mfuko mmoja kila nyumba.
Tutaona. Mizambarau yake ya ukutani,
sijui kama ni mizambarau, yeye ndiye aliyejua majina,
haijazaa tangu aondoke.

Leo Jumatano. Giza bado, upepo wa kusini.
Nimelitoa debe; ndani yake hamna kitu
ila ganda la yai na majani ya chai,
na mpini nimeufunga kama ilivyoagizwa.
Tena nimesimama langoni, na koti juu ya pajama,
lori lisije likapita likadhani
nyumba hii haina mtu.