Kipandauso

Saa mbili kasorobo lifti inafunguka,
na kabla sijaliona koti lake la kijani
najua Sabela amefika.
Marashi humtangulia kama tarishi mwenye kiburi:
yanapita mezani kwa Brais, yanaizunguka mashine ya kahawa,
yanatua juu ya jicho langu la kushoto
na kuanza kugongomea msumari.

Kipandauso, alisema daktari.
Akaandika vidonge, akaongeza: epuka harufu kali.
Nilicheka. Hewa inaepukwaje?
Ofisi yetu ya forodha, hapa Vigo, ghorofa ya tatu,
ina madirisha mawili. Moja limegandishwa na rangi.
La pili liko nyuma ya kiti cha bosi.

Nimejaribu kila hila ya mwoga.
Nimejipaka limau chini ya pua.
Nimekula chakula cha mchana ngazini, nikihesabu makontena.
Nimemsifu Antía mbele ya wote, kwa sauti,
eti napenda anavyonukia sabuni tu.
Fumbo mfumbie mjinga.
Sabela si mjinga, ila wakati ule alikuwa kwenye simu,
akimsaka mtu wa Rotterdam
aliyepoteza tani tisa za pweza.

Basi nikaandika barua. Sikutia jina.
*Tunaomba, kwa heshima, tusijitie manukato kazini.*
Tunaomba! Mimi peke yangu, nimejifanya kundi.
Nikaibandika juu ya sinki watu walipokwisha kuondoka,
mkono ukinitetemeka kama wa mwizi wa kuku.

Jumatatu alikuja bila kitu.
Yaani bila marashi. Na nyuma ya marashi,
kumbe miaka yote hiyo,
palikuwa na shombo.

Shombo la dagaa, la mafuta ya makopo,
shombo lililohamia kwenye nywele, chini ya kucha,
kwenye ule mkunjo wa kiwiko ambao sabuni haiufikii.
Brais alirudisha kiti nyuma.
Antía akainuka, akafungua dirisha la bosi bila kuomba ruhusa.
Mtu akasema, "Leo bandari inanuka,"
na wote wakageuka kuitazama bahari,
wakiisingizia.

Aliniambia mwenyewe, pale kwenye sinki, chini ya barua yangu,
akiosha kikombe kilichokwisha takata:
kiwanda cha makopo, saa kumi usiku hadi saa moja,
siku tano kwa wiki, tangu benki ipandishe riba ya nyumba.
"Naoga mara mbili," alisema. "Shombo haliogi.
Mama naye alikuwa wa kiwandani. Shuleni waliniita Kopo.
Mshahara wangu wa kwanza, nilinunua chupa."

Kisha, bila kuniangalia:
"Unadhani nani kaandika?"

*Sijui* lilikuwa mdomoni, tayari,
limeshaoshwa na kufutwa maji.
Nikasema: mimi.

Akakiweka kikombe.
"Nilidhani hivyo," akasema. "Wewe tu leo hukuziba pua."

Maana, na hili sikujua namna ya kuliweka kwenye barua,
shombo haliniumizi.
Siku nzima ile kichwa changu kilikuwa kimya
kama nyumba ambayo wageni wameondoka.
Nilikagua ankara arobaini na mbili. Nilisikia njaa.
Niliona aibu pia, ila aibu haipandi usoni kwa njia ile,
inakaa chini zaidi, karibu na tumbo.

Jumanne nikasogeza meza yangu ubavuni mwa yake.
Hakusema asante, wala sikustahili.
Alisema, "Usimwage kahawa kwenye faili la pweza."

Jioni nikakuta barua imeongezewa mstari, kwa wino mwekundu:
*na samaki pia.*
Mwandiko naujua.
Nikaichana, yangu na yake, kwa kucha.
Gundi ilikuwa kali. Kipande kimoja kiligoma kutoka,
na hadi leo kiko pale juu ya sinki,
kidogo kama stempu.
Kinasema: *kwa heshima.*