Kengele Sikuipaka Rangi

Rangi ya mafuta nilinunua Majengo, kopo moja.
Muuzaji akauliza: ya geti au ya dirisha?
Nikasema, ya baiskeli.
Akaniangalia, akapunguza mia tano.

Nilianza na fremu. Finiksi, ya zamani,
ile yenye bomba la juu la kubebea gunia.
Nikapaka rimu, nikapaka spoki moja moja,
zilizopinda nikaziacha zilivyopinda.
Nikapaka keria
na kipande cha katani kilichobaki juu yake,
kwa kuwa fundo lile alilifunga mwenyewe
na mimi si wa kulifungua.
Kengele sikuipaka.

Ndelilio alikuwa anapandisha majani.
Kila jioni, kutoka tambarare hadi Machame,
mzigo mpana kuliko njia tuliyoachiwa,
ile shubiri ya lami iliyomeguka
kati ya mstari mweupe na mtaro.
Ukimtazama kwa nyuma humwoni:
kichaka kinatembea, chini yake visigino viwili.
Dereva alisema hivyo hivyo polisi.
Niliona majani, afande. Mtu sikumwona.

Majani hayakuumia.
Wako waliobeba mwili, wako waliobeba mzigo,
na usiku ule, nyumba imejaa kilio,
ng'ombe akapelekewa, akala.
Angefanyaje? Alikuwa na ndama.
Asubuhi wakamkamua. Chai ya msiba ilikuwa ya maziwa.
Nilikunywa vikombe viwili.

Sasa niseme.
Ijumaa alipita kibandani kwangu.
Fundi, breki ya nyuma inateleza.
Nikatazama raba, zimelika
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Nikamwambia, Jumatatu.
Jumamosi akafa.
Watu wananiambia, aligongwa kwa nyuma,
breki ingemsaidia nini?
Najua. Hesabu hiyo nimeipiga
mara nyingi kuliko nilivyopiga pampu.
Hesabu inakubali.
Usingizi unakataa.

Tuliifunga kwenye nguzo ya umeme, Maili Sita,
kwa mnyororo na kufuli la dukani kwangu,
maana wanunuzi wa chuma chakavu hawajui msiba.
Haikaeli, bintiye, akapanda masale mawili
mbele ya gurudumu, kama yanavyopandwa kaburini,
akayamwagia maji ya chupa aliyokuwa anakunywa.

Mwezi wa tatu wakaja watu wa barabara,
wakachora X nyekundu kwenye tandiko.
Hifadhi, wakasema. Siku thelathini.
Akiwa hai hakuwa na nafasi barabarani;
amekufa, imeonekana kachukua kubwa mno.

Siku ya ishirini na sita, alfajiri,
nikakuta jani la sale kwenye usukani,
limefungwa fundo.

Kwetu jani hilo halirudishwi.
Akulete nalo hata aliyekuumiza vipi,
unakaa chini, unamsikiliza.
Lakini hupelekewa mtu.
Usukani una mikono ya kushikwa, hauna ya kupokea.
Sijui ni dereva, sijui ni mkewe,
sijui ni yule polisi aliyeandika "majani"
kisha kalamu ikamwishia wino.
Mama Haikaeli akaniuliza: ni wewe, fundi?
Nikasema hapana.
Nikaona aibu kwamba ilikuwa kweli.

Leo ni siku ya thelathini na tisa.
Hawajaja. Au wamesahau, au wanatafuta gari.
Jani limekauka, fundo bado.
Sale moja limekufa, la pili limetoa kichipukizi
chembamba kama ulimi wa kinyonga.

Na saa kumi na mbili na nusu wanapita wa shule ya msingi,
masweta ya kijani, wengine bila viatu,
kila mmoja anaipiga kengele mara moja
bila kusimama, bila kujua jina.
Mimi niko upande wa pili, nimeinama kwenye beseni,
natafuta pancha kwa mapovu.
Barabara nzima iko katikati yetu.
Hata hivyo, kila ikilia
nasogea pembeni,
nampisha.